Kwa nini kujenga programu ya simu huchukua muda, na muda huo unavyoweza kupunguzwa

Mhudumu wa afya ya jamii anapoingia nyumba ya watu hapa Bububu hupiga hodi, hukaribishwa barazani, kisha hutoa simu. Maswali atakayomuuliza mama mjamzito au mzazi wa mtoto mchanga yamo ndani ya programu ya simu hiyo. Sasa tuseme programu ina kasoro: inakataa tarehe ya kuzaliwa ya mtoto aliyezaliwa leo hii. Mhudumu hawezi kwenda mbele. Humwarifu msimamizi wake, msimamizi huiarifu ofisi, ofisi huwaarifu waandishi wa programu. Pengine kasoro yenyewe ni mstari mmoja tu, na mwandishi akishauona huusahihisha kwa dakika tano. Hata hivyo siku zinaweza kupita kabla ya sahihisho kufika kwenye simu ya mhudumu.

Sababu za kuchelewa ni nyingi. Majaribio yanahitaji watu, ruhusa zinahitaji saini, na simu nyengine hazina bando. Makala hii inaangalia sababu moja ya kiufundi ambayo haitajwi sana nje ya vyumba vya waandishi wa programu. Kila mwandishi anapobadilisha mstari, kompyuta yake hulazimika kuijenga programu upya, na katika ujenzi huo hupoteza muda mwingi kukagua kazi za watu wengine ambazo hazijabadilika hata herufi moja.

Sisi wa Zanzibar tuna sababu ya kulijali jambo hili. Tangu mwaka 2008 vituo vya afya vilianza kupeleka taarifa za wagonjwa wa malaria kwa simu ya mkononi, kupitia mfumo ulioitwa MEEDS. Mwaka 2012 ukaongezwa mfumo wa Coconut Surveillance, ambao ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na uliotengenezwa na shirika la RTI International la Marekani kwa kushirikiana na mpango wa malaria wa Zanzibar. Mgonjwa akipimwa kituoni na kuonekana ana malaria, taarifa hutumwa. Ofisa wa wilaya huipata kwenye kifaa chake, huenda kituoni, kisha hufika nyumbani kwa mgonjwa na kuwapima anaoishi nao. Lengo ni kuwahi ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu mbu hangoji. Katika kazi ya namna hiyo programu ni sehemu ya tiba, kama kipimo na kama dawa.

Kujenga programu ni kufanya nini

Programu huandikwa kwa maneno. Mwandishi hukaa kwenye kompyuta na kuandika maagizo kwa lugha maalumu, kama Java, C++ au JavaScript, na maagizo hayo huitwa msimbo. Msimbo hugawanywa katika faili nyingi: faili ya kushughulikia tarehe, faili ya kuhifadhi majina, faili ya kutuma ujumbe, na kadhalika. Simu haiwezi kuzitumia faili hizo kama zilivyoandikwa. Lazima zisomwe, zigeuzwe ziwe kitu ambacho mashine inakielewa, ziunganishwe, na zifungwe kuwa kifurushi kimoja, kile unachokipakua. Kazi yote hiyo, kutoka maneno mpaka kifurushi, ndiyo inayoitwa kujenga.

Na mwandishi hajengi mara moja akamaliza. Hubadilisha mstari, hujenga, hujaribu, huona bado, hubadilisha tena. Mara thelathini au arubaini kwa siku si ajabu. Ndiyo maana dakika moja ya kungoja huwa si dakika moja.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1976 Stuart Feldman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, alitengeneza chombo kinachoitwa Make, na mpaka leo kinatumika. Aliuliza swali jepesi: mwandishi akibadilisha faili moja kati ya mia tatu, kwa nini zijengwe zote? Ijengwe ile iliyobadilika pamoja na zile zinazoitegemea, basi. Faili au kazi ambazo programu inazitegemea tutaziita vitegemewa.

Hapo ndipo ukaguzi unapoingia. Ili chombo cha kujengea kijue nani anamtegemea nani, kuna mtu lazima akiambie, au kifungue kila faili chenyewe na kutafuta mistari inayoita faili nyengine. Kikikuta mstari kama huo, hufungua na hiyo faili iliyoitwa. Nayo huita nyengine, na nyengine huita nyengine, mpaka mwisho wa mnyororo. Kisha kila moja huulizwa: umebadilika tangu ujenzi uliopita? Vyombo vyengine hujibu swali hili kwa kutazama tarehe na saa ya faili. Vyengine, kama SCons, husoma yaliyomo yote na kuyapigia hesabu ili kupata namba ndefu ambayo ni kama alama ya kidole. Herufi moja ikibadilika, alama nayo hubadilika. Njia hii ya pili ina uhakika zaidi, na gharama yake ni muda.

Polo la mchele

Hakuna mwandishi anayeandika kila kitu mwenyewe. Kuchora ramani, kusoma picha, kuificha namba ya siri isisomwe njiani, kujua kama Februari ya mwaka huu ina siku 28 au 29: hayo yote yameshaandikwa na watu wengine na kuwekwa wazi kwa anayetaka. Mikusanyo ya kazi hizo huitwa maktaba. Neno ni lile lile la nyumba ya vitabu, na maana haiko mbali, kwani mwandishi huenda huko kuazima. Zikitoka nje ya ofisi yake huitwa maktaba za nje.

Maktaba za nje mara nyingi huwa kubwa kuliko kazi ya mwandishi mwenyewe, tena kwa mbali. Mwanafunzi anayeandika programu yake ya mwanzo ya C++, ile inayotoa salamu kwenye kioo na kunyamaza, huandika mistari mitano au sita. Mmoja kati ya hiyo huita maktaba ya kawaida ya kuandikia maneno. Kompaila, yaani chombo kinachogeuza msimbo, ikishaufuata mnyororo mzima wa wito huo hujikuta imesoma mistari zaidi ya 20,000. Kwa ajili ya salamu!

Mfikirie mama anayepika chakula cha mchana. Mchele alioletewa kutoka shamba huutia kwenye ungo akauchagua, akatoa mawe na chuya. Hilo halina mjadala, maana hajui kimo nini. Lakini ndani analo pia polo la mchele uliosafishwa na kufungwa kiwandani, ambalo alilifungua wiki iliyopita na akalichagua lote mpaka akaridhika. Sasa tuseme kila siku, kabla ya kupika kibaba kimoja, analimwaga polo zima kwenye mkeka na kulichagua upya, punje kwa punje. Wageni wa saa saba watakula saa kumi, na mchele utakuwa ule ule wa jana. Kompyuta ikiachiwa ndivyo inavyofanya. Kazi ya mwandishi huichagua, na hilo ni jema, halafu huchagua tena polo zima la watu wengine kila anapobonyeza kitufe cha kujenga.

Tupige hesabu, kwa namba za mfano tu. Programu ina faili 300 za mwandishi mwenyewe, na maktaba alizoazima zina faili 9,000. Kompyuta yake ni ya zamani, diski yake ni nzito, na kila faili huchukua sehemu tano za elfu za sekunde kukaguliwa. Faili zake mwenyewe zitakaguliwa kwa sekunde moja na nusu. Za watu wengine zitachukua sekunde 45. Akijenga mara 40 kwa siku, sekunde hizo 45 huwa nusu saa kamili. Kwa wiki ya kazi ya siku tano ni saa mbili na nusu, na hapo bado hajajenga chochote. Ni kukagua tu.

Anayeishi penye umeme wa uhakika na kompyuta mpya anaweza kulipuuza jambo hili. Unguja hupata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na wengi wetu tunakumbuka ilivyokuwa ulipoharibika. Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na Desemba 2009 giza likarudi likadumu miezi mitatu. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wenye uwezo mkubwa zaidi. Lakini hata leo, mtu anayefanya kazi kwa kompyuta ya mapajani yenye betri iliyochoka anaijua thamani ya nusu saa. Kompyuta inaposoma diski na kupiga hesabu mfululizo, feni huvuma na chaji hushuka.

Kuna hasara nyengine isiyoonekana kwenye saa. Mtu akingoja sekunde tatu hubaki anafikiria kasoro aliyokuwa akiitafuta. Akingoja dakika moja hushika simu, hujibu ujumbe, na akirudi ameshasahau alikuwa mstari gani. Kwa maoni yangu hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote, na haimo kwenye hesabu yoyote tuliyoipiga hapo juu.

Kuiambia kompyuta iache

Dawa yake ni kuiambia kompyuta wazi: kagua faili zangu kila mara, hizi za nje ziache. Kila chombo kina lugha yake ya kuambiwa hivyo. Kijana anayesoma kompyuta pale Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar au Taasisi ya Karume ya Mbweni anaweza kuzijaribu njia hizi leo jioni. Msikilizaji asiyeandika programu anaweza kuiruka aya mbili zinazofuata bila kupoteza uzi.

Anayetumia SCons huweka majina ya folda zake mwenyewe kwenye orodha inayoitwa CPPPATH, na SCons hukagua kila kilichomo humo. Folda za maktaba za nje akizitoa kwenye orodha hiyo, na badala yake akazipitisha kwa kompaila moja kwa moja kupitia CCFLAGS kwa alama ya -I, kompaila itaziona na kuzitumia kama kawaida, lakini mkaguzi wa SCons hatazigusa. Anayetumia Make pamoja na kompaila ya GCC huiomba kompaila yenyewe imwandikie orodha ya vitegemewa. Akiandika -M atapewa orodha yote, pamoja na faili za mfumo. Akiandika -MM, herufi moja tu zaidi, faili za mfumo huachwa nje. Maktaba nyengine kubwa anaweza kuzitangaza kwa alama ya -isystem, nazo zikahesabiwa kama za mfumo.

Kwa upande wa JavaScript, ambayo ndiyo lugha ya programu nyingi za simu na tovuti, maktaba za nje hukaa kwenye folda inayoitwa node_modules, na folda hiyo kwa kunenepa haina mfano. Chombo cha webpack, kuanzia toleo lake la tano la Oktoba 2020, hakiulizi tena kila faili ya humo ndani kama imebadilika. Hutazama jina la maktaba na namba ya toleo lake, na namba ikiwa ile ile huamini kuwa yaliyomo ni yale yale. Ni kama mama yule kusoma maandishi ya polo badala ya kulimwaga.

Kuna ukaguzi mwengine mbaya zaidi, nao ni ule unaotoka nje ya kompyuta kabisa. Mfano wake uko karibu nasi. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa OpenMRS ulianzishwa mwaka 2004 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi kilichoko Eldoret, Kenya, pamoja na wenzao wa taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, na mwaka 2006 ukaanza kutumika huko Eldoret. Leo unatumika katika nchi nyingi. Umeandikwa kwa Java na hujengwa kwa chombo kinachoitwa Maven. Maven hupakua maktaba za nje kutoka kwenye ghala lililoko intaneti, na anayejenga kwa mara ya kwanza hungoja mpaka akachoka. Waandishi wa programu wana utani wao kwamba Maven ikianza kazi hupakua intaneti nzima. Baada ya hapo maktaba hukaa kwenye diski. Lakini zile ambazo bado ziko jikoni, zenye neno SNAPSHOT kwenye jina la toleo, Maven huenda kuziulizia tena mtandaoni, kwa kawaida mara moja kila siku.

Mara moja kwa siku si nyingi, mpaka siku ambayo mtandao haupo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa siku hizo mtu aliyekuwa na maktaba zake zote kwenye diski, na aliyejua kuiambia Maven ifanye kazi bila mtandao kwa kuongeza -o kwenye amri, aliweza kuendelea. Ambaye chombo chake kilikuwa kikiulizia kila kitu nje alikaa akitazama kioo.

Na si lazima waya ukatike. Tarehe 22 Machi 2016 mwandishi mmoja aligombana na wenye ghala la maktaba za JavaScript, akaziondoa kazi zake zote. Moja kati ya hizo, left-pad, ilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno. Programu kubwa kubwa za dunia zikashindwa kujengwa siku hiyo, kwa sababu zilikuwa zikiitegemea bila wenyewe kujua, kupitia maktaba za maktaba. Ilirudishwa baada ya saa mbili hivi. Waliokuwa na nakala yao ndani hawakusikia chochote.

Lakini nani anaitazama chemchemi?

Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi za hapa Bububu mpaka Mji Mkongwe. Mtu wa Shangani aliyekuwa akijaza ndoo yake hakuhitaji kwanza kuja huku kuitazama chemchemi. Angefanya hivyo, watoto wangekufa kiu. Lakini ili yeye asije, lazima awepo mtu mwengine ambaye kazi yake ni kuja.

Kuacha kukagua maktaba za nje kuko hivyo hivyo. Kunafaa pale tu ambapo kuna mtu anayejua zimebadilika lini. Asipokuwepo, hatari yake ni ya aina mbaya: programu hujengwa bila kulalamika, huonekana nzima, kumbe ndani ni mchanganyiko wa zamani na mpya.

Tuchukue mfano wa kubuni. Maktaba ya kuhifadhi kumbukumbu za watoto, katika toleo lake la zamani, huweka umri kwenye nafasi ya tatu na uzito kwenye nafasi ya nne. Likaja toleo jipya ambalo nafasi ya tatu imepewa jinsia, umri ukasogea wa nne na uzito wa tano. Mwandishi anaweka toleo jipya kwenye kompyuta na kujenga. Chombo, kwa kuwa kiliambiwa kisizitazame maktaba za nje, hakioni kuwa kuna kilichobadilika. Hujenga upya faili mbili tu alizozigusa asubuhi, na mia mbili tisini na nane zilizobaki huachwa kama zilivyojengwa juzi, zikiamini umri uko wa tatu. Kila faili peke yake ni sahihi. Zikikaa pamoja, moja huandika uzito na nyengine huusoma kama kitu chengine. Mtoto wa miezi sita anaweza kutokea kwenye ripoti na uzito usio wake, na dawa za watoto hupimwa kwa uzito.

Waandishi waliowahi kupatwa na kasoro ya namna hii hupoteza siku nzima wakiitafuta mahali isipokuwepo, kwa sababu msimbo wanaousoma hauna kosa. Kwa watumiaji wa webpack kuna mtego mdogo wa kufanana na huo: mtu akiingia mwenyewe ndani ya node_modules akarekebisha faili kwa mkono, namba ya toleo haibadiliki, na chombo huendelea kutumia ile ya zamani.

Kwa hiyo watu wenye mpango huweka masharti pamoja na haraka yao. Matoleo ya maktaba huandikwa kwenye faili maalumu pamoja na alama zao za kidole, ili maktaba isibadilike kimya kimya. Siku toleo jipya linapoingia, vyote vilivyojengwa kabla hufutwa na programu hujengwa upya kutoka mwanzo, hata kama itachukua saa nzima. Usiku, watu wakiwa wamelala, kompyuta moja hufanya ujenzi kamili wenye ukaguzi kamili. Na kifurushi kinachopelekwa kwa watumiaji hutoka kwenye ujenzi huo kamili, si kwenye ule wa harakaharaka wa mchana. Sharti hili la mwisho ndilo ningelishikilia kuliko yote. Mwandishi anaruhusiwa kufupisha njia kwa ajili ya majaribio yake mwenyewe. Simu ya mhudumu wa afya si mahali pa kufanyia majaribio hayo.

Hapa pana mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi, hata na wenye kazi yao, kwa sababu yote mawili huitwa ukaguzi wa vitegemewa. Ukaguzi tuliokuwa tukiuzungumza huuliza: imebadilika? Ukaguzi wa pili huuliza: ina tundu la usalama? Wa kwanza ukipunguzwa, anayenufaika ni mwandishi. Wa pili haupaswi kuachwa. Unaweza kuhamishwa tu, kutoka kila ujenzi ukawa mara moja kwa siku kwenye kompyuta nyengine.

Desemba 2021 ilionesha kwa nini. Maktaba moja ya Java inayoitwa Log4j, ambayo programu huitumia kujiandikia kumbukumbu za kazi zake, ilitangazwa kuwa na tundu ambalo lilimwezesha mtu wa mbali kuiamuru kompyuta kwa kuitumia mstari mmoja tu wa maneno. Tundu hilo lilipewa alama 10 kati ya 10 katika kipimo cha ubaya. Mabenki, serikali na hospitali duniani kote zikaanza kujiuliza: sisi tunayo Log4j? Waliokuwa na orodha ya maktaba zao na matoleo yake walijibu siku hiyo hiyo na wakasahihisha. Wasiokuwa na orodha walianza kufungua mifumo yao mmoja mmoja, wiki baada ya wiki, wakitafuta.

Kwa aliye kijijini

Mkazi wa Bububu, Mangapwani au Makunduchi hatabadilisha CPPPATH ya mtu yeyote. Lakini miradi inayoleta programu kwenye shehia zetu huja na wasimamizi, huitisha vikao, na kwenye vikao maswali huruhusiwa. Mawili yanafaa kuulizwa na mtu yeyote, bila kujua neno moja la kompyuta. La kwanza: tukiripoti kasoro leo, sahihisho litafika kwenye simu baada ya siku ngapi? La pili: nani ana orodha ya maktaba zilizomo ndani ya programu hii, na mara ya mwisho aliikagua lini? Ofisi iliyojipanga ina majibu ya yote mawili. Ukijibiwa kwamba hayo ni mambo ya wataalamu, ujue jibu halipo.

Upande wa simu yenyewe, sahihisho halina faida mpaka liingie. Masasisho yakija, yapakue ukiwa penye mtandao wa bure au bando la usiku kama unalo, na yachukue kwenye duka rasmi la programu au kwa msimamizi wako, usiyapokee kwa kutumiwa faili na mtu usiyemjua. Ukitaka kujua una toleo gani, kwenye simu nyingi za Android fungua Mipangilio, ingia sehemu ya Programu, gusa jina la programu unayoitaka, kisha shuka mpaka chini. Namba ya toleo imeandikwa hapo. Unaporipoti kasoro, mtajie msimamizi na namba hiyo, kwa sababu ni jambo la kwanza mwandishi atakalouliza.